Kutia utando mgumu kwenye biti na endimili kwa plazma, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale kila mwezi. Utando umebanduka kama ganda la kitunguu, kwa nini? Umetoka kahawia badala ya dhahabu, nifanyeje? Biti iliingia kwenye mashine ikiwa ngumu, imetoka laini, nimekosea wapi? Wanaouliza ni vijana waliokabidhiwa mashine majuzi, mafundi wa kunoa zana wanaotaka kuongeza huduma, na wanafunzi wa uhandisi mitambo waliopewa mradi wakaachwa wajitafutie. Nimeyaandika majibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu zana inapopokelewa hadi inapofungwa kurudi kwa mwenyewe. Chapisha, weka pembeni ya mashine, fuata.

Nashughulika na utando mmoja tu: TiN, yaani naitraidi ya titaniamu, ule wa rangi ya dhahabu, unaotiwa kwa arki ndani ya ombwe. Huu ndio ulioenea kwenye biti za HSS (chuma cha zana cha kasi kubwa) tangu miaka ya 1980, na mpaka leo ndio mwalimu bora kwa anayeanza, kwa sababu rangi yake inasema. Kosa la gesi, kosa la usafi, kosa la joto, mengi utayaona kwa macho kabla hujagusa kipimo. Ukiumudu huu, tando nyingine kama TiAlN (yenye alumini ndani yake) na CrN (ya kromu) ni kubadili kathodi na namba chache.

Kinachotokea ndani ya chemba

Hewa inanyonywa yote. Arki, ndugu wa ile ya kuchomelea, inawashwa juu ya bamba la titaniamu tunaloliita kathodi. Doa lake dogo linakimbia huku na huku juu ya bamba, na kila linapokanyaga, chuma kinageuka mvuke papo hapo. Sehemu kubwa ya mvuke huo ina chaji ya umeme. Hiyo ndiyo plazma. Zana zimepewa volteji hasi, kwa hiyo zinauvuta mvuke kwa nguvu. Ukiingiza naitrojeni, inaungana na titaniamu juu ya uso wa zana na kuwa TiN.

Utando mzuri wa biti una unene wa mikroni 2 hadi 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele wa mtu una mikroni 70 hivi. Ugumu wa utando ni kama HV 2300 (kipimo cha Vickers), wakati HSS iliyotiwa ugumu vizuri iko kwenye 800 hadi 900. Nadharia hiyo inatosha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Mashine ya arki yenye chemba, pampu ya kuanzia na pampu ya tabo (turbo) au ya msambao (diffusion), hita, meza inayozungusha zana, na umeme wa volteji hasi unaofika V 1000 wenye uwezo wa kujikata wenyewe cheche zikitokea. Wengi huniuliza kama pampu ya fundi friji itafaa. Haitafaa. Hiyo, ikiwa nzima, hufika paskali chache. Wewe unataka 0.005 Pa, mara mia kadhaa chini ya hapo.
- Kathodi za titaniamu safi, na maji ya kuzipoza yanayozunguka muda wote.
- Agoni na naitrojeni za usafi wa asilimia 99.999. Naitrojeni ya kujazia matairi ina oksijeni ndani yake, usijaribu.
- Beseni la kuoshea la altrasoniki, sabuni ya alkali ya kuoshea vyuma, na maji yasiyo na madini.
- Hewa ya kukaushia yenye filta ya mafuta na ya maji.
- Glavu za nitraili zisizo na poda, na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Darubini ndogo, mashine ya kupima ugumu ya Rockwell C, na kifaa cha kusagia kidimbwi kwa gololi ya chuma (cha kupimia unene wa utando).
- Vipande vya majaribio: visahani vya HSS ile ile, vimetiwa ugumu na kung'arishwa.
- Daftari. Kila mzunguko wa mashine uandikwe: shinikizo, joto, volteji, muda, nani aliosha.

Na usalama. Volteji ya zana inaua. Usizime wala kupitisha pembeni swichi za mlango, hata kama fundi mwingine anafanya hivyo kila siku. Agoni na naitrojeni hazina harufu na humkosesha mtu hewa bila dalili, kwa hiyo usiingize kichwa kwenye chemba uliyoifungua sasa hivi, na chumba kiwe na hewa inayopita. Usiitazame arki dirishani bila kioo cha kinga. Vumbi la titaniamu linalobanduka kwenye kuta za chemba linawaka moto: lisafishe ukiwa na barakoa ya vumbi, mbali na cheche, na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi.

Hatua za kazi

1. Pokea zana na uulize. Ni chuma gani? Imeshawahi kutiwa utando? Imeunganishwa kwa kuchomelea fedha? Baada ya kutiwa ugumu, HSS hupashwa tena (tempering) kwenye nyuzi 550 hivi za Selsiasi, kwa hiyo inavumilia kazi ya nyuzi 450. Kabaidi (unga mgumu wa kabaidi ya tungsteni ulioshikanishwa kwa kobalti) nayo haina shida. Lakini vyuma vya zana vilivyopashwa hivyo kwenye nyuzi 180 au 200 tu vitalainika humo ndani, na hutaweza kuvirudisha. Zana yenye ncha ya kabaidi iliyochomelewa kwa mchanganyiko wenye zinki au kadimiamu isiingie kabisa: metali hizo huvukiza kwenye ombwe na kuchafua chemba nzima. Usione haya kumrudishia mteja zana yake.

2. Kagua ukingo chini ya darubini. Baada ya kunoa, mara nyingi hubaki kinyuzi chembamba cha chuma kinachoning'inia kwenye makali. Ukitia utando juu yake, kinyuzi kitakatika kwenye shimo la kwanza na kuondoka na utando, na makali yatabaki wazi pale pale unapoyahitaji. Kiondoe kwa brashi laini ya nailoni yenye unga wa kusugulia, au kwa kupuliza mchanga laini uliochanganywa na maji. Makali yabaki na mviringo mdogo wa mikroni 5 hadi 15. Biti nyeusi za dukani zina oksidi juu yake. Hiyo nayo ing'olewe yote kwa mchanga laini, maana utando utashika oksidi na oksidi itaachia chuma. Zana iliyoungua wakati wa kunoa, yenye rangi ya buluu au kahawia kwenye makali, irudi kwa mnoaji. Utando haurekebishi zana mbovu.

3. Ondoa sumaku. Zana iliyotoka kwenye meza ya sumaku ya kunolea hushikilia vumbi la chuma hata baada ya kuoshwa. Pitisha kila moja kwenye kifaa cha kuondolea sumaku, kisha ijaribu kwa pini ndogo.

4. Osha. Hapa ndipo kazi inapofaulu au inapoharibika. Nimeona watu wakikaa saa nzima wakibadilisha namba za volteji wakati tatizo liko kwenye beseni. Anza kwa kufuta grisi nzito kwa mkono. Kisha altrasoniki yenye sabuni ya alkali kwenye nyuzi 60, dakika 5 hadi 10. Suuza kwa maji ya kawaida safi, rudia altrasoniki kwenye beseni la pili lenye sabuni mpya, suuza tena, halafu malizia kwa maji yasiyo na madini mara mbili.

   Zana zenye tundu la kupitishia maji ya kupozea zinahitaji uvumilivu. Mafuta ya zamani hujificha humo, na kwenye ombwe yanatoka polepole na kujipaka juu ya zana zote za jirani. Pitisha sabuni ndani ya tundu kwa bomba la sindano, kila tundu, mpaka yanayotoka yawe meupe.

   Kwa kabaidi usizidishe muda. Ikilala kwenye sabuni kali, kobalti inayoshikanisha chembe zake huanza kuyeyuka na uso unabaki kama sponji, nao utando utakosa pa kushika.

   Kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Inua zana kutoka kwenye maji ya mwisho na uitazame. Maji yakitandaa uso mzima kama shuka na kushuka kwa pamoja, ni safi. Yakijikusanya matone, kama maji juu ya jani la magimbi, mafuta bado yapo. Irudishe kwenye beseni la kwanza.

5. Kausha upesi. Kuanzia hapa hakuna mkono mtupu unaogusa zana. Kutoka kwenye maji ya mwisho hadi kwenye hewa kavu ya moto isizidi nusu dakika, hasa kwa HSS na hasa kama uko Dar, Tanga au Mombasa, ambako kutu huanza wakati bado unatafuta glavu. Kisha weka kwenye tanuri dogo la nyuzi 100 hadi 120 mpaka mashine iwe tayari.

   Hewa ya kukaushia ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili nilitoa sahani nzima ya tapu (zana za kukatia nyuzi za skrubu) za M8, zote zinang'aa dhahabu moja. Nilipopiga alama ya kwanza ya Rockwell kwenye kipande cha majaribio, utando uliruka pande zote kama kioo kilichopigwa jiwe. Siku tatu nilitafuta kosa: nikapima volteji, nikabadilisha mtungi wa naitrojeni, nikatafuta uvujaji. Siku ya nne fundi mzee wa zamu ya usiku alichukua bunduki ya hewa, akaielekeza kwenye kioo kisafi kwa nusu dakika, kisha akakiinamisha kwenye mwanga wa taa. Kulikuwa na ukungu mwembamba wenye pete za rangi, kama mafuta ya gari kwenye dimbwi la mvua. Filta ya kompresa ilikuwa imejaa. Tulikuwa tunaosha zana vizuri kabisa, kisha tunazipulizia mafuta. Tangu siku hiyo kioo kipo pale ukutani, na kazi haianzi asubuhi kabla ya kupulizwa.

6. Panga kwenye vishikilia. Vishikilia navyo visiwe na magamba ya utando wa zamani. Yatachanika kwenye joto na kuangukia zana zako. Acha nafasi kati ya zana na zana, angalau sawa na kipenyo chake. Makali yawe kwenye kimo ambacho kathodi zinakiona, kwa sababu mvuke huu unasafiri moja kwa moja na haupindi kona: ndani ya tundu utando hufika kina kinachokaribia kipenyo cha tundu, basi. Funika shina la zana kama mteja anataka libaki na kipimo chake. Weka kipande cha majaribio kimo kile kile cha makali.

   Usichanganye biti za mm 3 na hobu nene (kikatio cha meno ya gia) kwenye mzunguko mmoja. Biti nyembamba hupata moto haraka mara nyingi zaidi, na wakati hobu inafika nyuzi 400, ncha za biti zimeshapita pale HSS inapolainika.

7. Funga na nyonya hewa mpaka 0.005 Pa au chini. Futa mpira wa mlango kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga. Unyuzi mmoja wa nywele juu ya mpira unatosha kuharibu siku. Pwani, na popote msimu wa mvua, unyevu hujipaka kwenye kuta za chemba kila mlango ukiwa wazi. Pitisha maji ya uvuguvugu kwenye kuta kabla ya kufungua, usiyabadilishe kuwa ya baridi mpaka umefunga, na mlango usikae wazi kwa mazungumzo.

8. Pasha joto mpaka nyuzi 400 hadi 450, polepole. Shinikizo litapanda maji yanapotoka kwenye kuta, likipita 0.05 Pa simamisha hita usubiri. Usiendelee mpaka lirudi chini ya 0.005 Pa zana zikiwa moto.

   Usiiamini themokapo (kipima joto cha waya) kupita kiasi. Ndani ya ombwe hakuna hewa ya kusawazisha joto, kwa hiyo inasoma mahali ilipo yenyewe, si kwenye ncha ya biti. Njia ya uhakika ni kupima ugumu wa kipande cha majaribio kabla na baada. Kikishuka hata kwa HRC (alama za Rockwell C) 1 au 2, joto halisi limezidi, hata kama skrini inasema vingine.

   Hapa pia jaribu uvujaji. Funga vali ya pampu kubwa, tazama kipimo kwa dakika 5. Shinikizo likipanda kisha likaanza kutulia, ni unyevu na gesi zinazotoka kwenye kuta. Likipanda kwa mwendo ule ule bila kupunguza, kuna tundu mahali. Mara nyingi ni mpira wa mlango au mhimili wa meza.

9. Safisha kwa ioni. Ingiza agoni kiasi cha 1 Pa, anza na volteji hasi ya V 200 na uipandishe taratibu hadi 600 kwa dakika 15 hivi. Utaona cheche ndogo zikicheza juu ya zana mwanzoni. Huo ni uchafu wa mwisho unaoungua. Zikipungua, endelea. Zisipopungua baada ya dakika 10, simamisha kazi, poza, rudi kwenye beseni. Ukilazimisha, cheche zitachora mistari yenye matawi kwenye makali na zana itakuwa imeharibika.

   Kisha punguza agoni, washa arki ya titaniamu kwa ampea 70 hivi, na upige zana kwa volteji hasi ya V 600 hadi 1000. Fanya kwa vipindi vya sekunde 30 hadi 60 na kupumzisha katikati, jumla dakika 3 hadi 5. Ioni za titaniamu zinachimba uso na kupandisha joto kwa kasi sana. Kwa zana nyembamba tumia vipindi vifupi na volteji ya chini. Kuzidisha hapa ndiko kunakoleta lile swali la biti iliyotoka laini.

10. Tabaka la titaniamu tupu. Shusha volteji hasi hadi V 150, bila naitrojeni, dakika 2 au 3. Ni tabaka la sehemu ya kumi ya mikroni tu, lakini linakamata mabaki ya oksijeni na kuupa utando mgumu kitu kinachonyumbulika cha kukalia. Usiliruke kwa sababu ya haraka, na usilifanye nene. Titaniamu tupu ni laini.

11. Ingiza naitrojeni na utie TiN. Ipandishe taratibu kwa dakika 2 mpaka 2 Pa. Volteji hasi V 100, arki ampea 70 hadi 80 kwa kila kathodi, meza inazunguka muda wote. Plazma yenyewe sasa inapasha joto, kwa hiyo punguza hita. Dakika 90 kwa mashine nyingi ndogo zitakupa karibu mikroni 3, lakini hilo utalijua kwa kupima, si kwa kuambiwa. Namba zote hizi ni za kuanzia; kila chemba ina tabia zake.

    Mara kwa mara hakikisha maji ya kathodi yanapita. Yakikatika kwa dakika chache tu, kathodi inayeyuka.

12. Poza kwa subira. Zima arki, kisha volteji, kisha gesi. Acha zana zishuke chini ya nyuzi 150 ndani ya ombwe au naitrojeni, ndipo uingize naitrojeni na kufungua. Kwa chemba iliyojaa hiyo ni saa kadhaa. Shina la biti lenye buluu au zambarau ni ushahidi wa mlango uliofunguliwa mapema.

13. Pima kwenye kipande cha majaribio. Kwanza mshiko: piga alama ya Rockwell C kwa mzigo wake wa kawaida wa kilo 150, uitazame kwa darubini kwa ukuzaji wa mara 100. Nyufa nyembamba kama miale kuzunguka shimo zinakubalika. Magamba makubwa yaliyobanduka hayakubaliki. Daraja zake ni HF1, iliyo bora, hadi HF6, iliyo mbaya kabisa. HF1 hadi HF4 hupita, ila kwa zana za kukatia mimi sitoi kitu kilichozidi HF2.

    Kisha unene: saga kidimbwi kwa gololi yenye unga wa almasi, upime kipenyo cha duara la nje na la ndani. Zidisha kila kipenyo kwa chenyewe, toa kidogo kwenye kikubwa, gawanya kwa mara nne ya kipenyo cha gololi. Mfano: gololi mm 30, duara la nje mm 0.80, la ndani mm 0.55. Yaani 0.64 toa 0.3025, ni 0.3375, gawanya kwa 120, unapata mm 0.0028, ambazo ni mikroni 2.8.

14. Lainisha na ufunge. Arki hutupa matone madogo ya titaniamu yanayonasa kwenye utando. Kwa biti kubwa hayana madhara makubwa. Kwa tapu na rima (ya kusawazishia mashimo) yanakwaruza, hivyo pitisha brashi yenye unga laini kidogo. Paka mafuta mepesi, na kila zana iwe na kifuko chake. Kabaidi mbili zikigongana ndani ya boksi, kazi yote ya juzi na jana imeisha.

Umeme ukikatika katikati

Kwetu swali hili si la kufikirika. Jenereta lianze na maji ya kupozea na pampu ya kuanzia, arki itasubiri. Usifungue mlango. Kama umeme umekatika kabla ya hatua ya 10, hewa ikiwa haijaingia, unaweza kunyonya tena na kuanzia hatua ya 8. Ukikatika wakati TiN inaingia na chemba ikapata hewa au ikapoa, usijaribu kuendelea ulipoishia. Tabaka la pili litakaa juu ya la kwanza bila kuungana nalo na yote yatabanduka. Utando wa HSS unaweza kung'olewa kwa bafu lenye hidrojeni peroksaidi na alkali, kazi ya mtu aliyefundishwa kemikali hizo, kisha zana inaanza upya. Kwa kabaidi bafu hilo linakula na zana yenyewe, hivyo mwambie mteja ukweli.

Matatizo na pa kuyatafutia

*Unabanduka kila mahali.* Usafi, tena usafi. Fanya kipimo cha maji, kipimo cha kioo, kisha angalia kama hatua ya 9 ilifika volteji uliyoandika au umeme ulikuwa unajikata kwa cheche.

*Unabanduka kwenye makali tu, kwingine umeshika.* Ni mnene mno au volteji hasi ya hatua ya 11 ilikuwa kubwa. Utando unajikaza wenyewe ndani, na kwenye kona kali unajivunja. Shuka hadi mikroni 2 au 2.5. Angalia pia kama kile kinyuzi cha kunolea kiliondoka.

*Rangi ni njano iliyopauka, karibu na fedha.* Naitrojeni haitoshi. Angalia mtungi, kisha kipimo cha mtiririko.

*Rangi inaelekea wekundu wa shaba.* Naitrojeni imezidi, au kuna kaboni, na kaboni hiyo mara nyingi ni mafuta. Shusha gesi kidogo. Isipobadilika, ni mafuta.

*Kahawia iliyofifia, isiyong'aa.* Oksijeni au maji. Jaribu uvujaji wa hatua ya 8.

*Upande mmoja dhahabu iliyokolea, mwingine imepauka.* Kishikilia hakikuzunguka. Tia alama kwa kalamu kwenye kila kishikilia, uzungushe meza mlango ukiwa wazi, na uone kipi kimekwama.

*Biti imelainika.* Soma tena hatua ya 1, 6 na 9, kwa mpangilio huo.

*Utando ni mzuri kwa vipimo vyote lakini mteja anasema haudumu.* Muulize anakata nini na kwa kasi gani. TiN huanza kuoza kwa joto la nyuzi 500 hadi 600. Kwa kabaidi inayokata chuma kigumu bila maji, mpe TiAlN inayovumilia hadi 800 hivi. Anayekata shaba mpe CrN. Anayekata alumini usimpe utando wenye alumini nyingi ndani yake, chuma chake kitaganda kwenye makali. Na kama amebaki na kasi ile ile ya zamani, hajaitumia faida aliyoilipia. Biti ya mm 10 kwenye chuma laini kwa mita 30 kwa dakika ni mizunguko 955 hivi kwa dakika. Aanzie hapo, apandishe kidogo kidogo kwa asilimia 20 au 30 akitazama rangi ya chuma kinachotoka.

Maswali mawili ya mwisho

*Biti za dhahabu za bei rahisi madukani zina utando kweli?* Nyingi zina TiN, lakini nyembamba mno, juu ya chuma kisicho na ugumu. Rangi haikuambii lolote kuhusu chuma kilicho chini yake. Pitisha tupa kidogo kwenye ukingo wake: tupa ikishika na kukata, chuma cha chini ni laini, na gamba gumu juu ya chuma laini huvunjika kama ganda la yai juu ya godoro.

*Nikinoa biti yangu, utando si unaisha?* Unaisha kwenye ncha uliyonoa tu. Ndani ya mifereji na kwenye kingo za pembeni unabaki, na hapo ndipo mabaki ya chuma yanapoteleza na ndipo biti inaposuguana na ukuta wa shimo. Kwa hiyo inoe na uendelee kuitumia. Noa kwa maji au kwa vipindi vifupi ili ncha isiungue, na ukiiona ncha mpya inachakaa upesi kuliko zamani, punguza kasi kidogo. Endimili ni tofauti: ukiinoa mifereji umeondoa utando wa upande unaokata, na hiyo irudi kuanzia hatua ya 1.